Kuchukua Bila Ruhusa

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nikiwa nimeketi barazani kwangu hapa Bombambili, Songea, walinijia watu watatu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja jirani yetu. Wa pili alikuwa mdogo wake wa kiume, dereva wa bodaboda. Wa tatu alikuwa mtoto wa huyo mama, kijana wa miaka 19, mwenye jeraha bichi juu ya jicho la kushoto. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mazao, kisha mjomba mtu akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Mwalimu, tumekuja utusaidie kuandika maelezo ya kupeleka polisi. Huyu ameniibia pikipiki."

Pikipiki yenyewe ilikuwa mbele ya macho yangu, imeegemezwa chini ya mwembe.

Kisa kilikuwa hivi. Jumamosi jioni, mjomba akiwa anakoga, kijana alichukua ufunguo mezani, akampakia rafiki yake, wakaenda Namtumbo kwenye harusi, mwendo wa kilomita sabini hivi. Walilala huko, wakarudi Jumapili alasiri na tairi la nyuma limechanika. Pikipiki hiyo si mali ya mjomba. Anaiendesha kwa mkataba, na kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri wake mpaka siku atakapokabidhiwa kadi. Hesabu ya Jumapili hakuipata. Tena usiku ule, alipoona pikipiki haipo, alipiga simu kijiweni, na madereva wenzake wakaanza msako. Ndio waliomkuta kijana njiani, kabla hajaingia mjini. Wakati mjomba anafika pale, mpwa wake alikuwa amekwisha pigwa, na mtu mmoja alikuwa ameshika chupa ya petroli. Mjomba alijitupa katikati yao akapiga kelele kwamba huyu ni mtoto wa dada yake.

Nilimwuliza kwa nini, baada ya kumwokoa, sasa anataka kumpeleka polisi. Akanijibu, "Nilimwokoa asife, Mwalimu. Sikumwokoa asishtakiwe."

Sikuona kosa katika jibu lile. Nilichukua kalamu, nikaandika tarehe na jina la mlalamikaji, kisha mkono ukakwama. Neno lililofuata lilipaswa kuwa "ameiba", nami nina sababu zangu za kuliogopa neno hilo linapoandikwa kwa mkono wangu. Sababu hizo nitazieleza hapa kwa mara ya kwanza, maana wengi wa wahusika wamekwisha tangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe sina miaka mingi ya kungoja.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu haikuwa mvivu katika jambo hili. Mtoto anayechovya kidole katika chungu cha mboga mama akiwa amegeuka, hatusemi ameiba. Tunasema amedokoa, na anapigwa kofi dogo la mkono. Anayechukua kwa nguvu mchana kweupe, amenyang'anya au amepora. Anayeomba jembe na kukaa nalo msimu mzima, ameazima, ingawa mwenye jembe humwita kwa majina mengine. Watu wa pwani wanalo neno kughasibu, walilolitoa katika sheria ya Kiislamu. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, alinifafanulia kwamba katika sheria hiyo mwenye kughasibu hudaiwa kurudisha kitu na kufidia hasara, lakini hapewi adhabu ya mwizi, kwa kuwa mwizi ni yule anayetoa kitu kwa siri mahali kilipohifadhiwa. Kwa hiyo tunayo maneno ya kutosha. Kinachotupungukia tunapokuwa na hasira ni subira ya kuchagua.

Hata Kanuni yetu ya Adhabu, tuliyorithi kwa Waingereza tangu mwaka 1930, inachagua. Ili mtu awe mwizi haitoshi kwamba amechukua. Lazima awe amechukua kwa nia ya udanganyifu, bila kuamini kwamba ana haki, na nia ya kawaida inayotafutwa ni ya kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja. Adhabu ya jumla ya wizi inafika miaka saba. Lakini pembeni ya wizi limewekwa kosa dogo, la mtu anayechukua na kutumia chombo cha mwenzake bila haki, ila si kwa namna ya kuwa mwizi. Chombo hicho, inasema sheria, ni gari, au baiskeli ya namna yoyote, au chombo cha majini, au hata mnyama wa kupanda na wa kukokota. Kwa kosa hilo kifungo hakizidi miezi sita. Napenda sana kwamba punda amo katika orodha hiyo. Inaonyesha kwamba jambo hili ni la zamani kuliko injini.

Na kweli ni la zamani. Warumi wa kale hawakukubaliana na sheria yetu ya leo. Kwao, kutumia kitu kuliko ulivyoruhusiwa kulikuwa wizi, wizi wa matumizi. Mwanasheria wao Gaius alitoa mfano wa mtu aliyeazimwa farasi aende naye mahali fulani, akapitiliza. Mwandishi mwingine, Valerius Maximus, anasimulia habari za mtu aliyeazimwa farasi wa kumfikisha Aricia, akampeleka mbele zaidi ya hapo, akahukumiwa kwa wizi. Huyo alikuwa na ruhusa! Kosa lake lilikuwa ule mwendo wa ziada.

Waingereza nao magari yalipoanza kuenea walijikuta taabani. Vijana walikuwa wakichukua gari la mtu, wanalizungusha mjini, kisha wanaliacha kando ya barabara. Si wizi, kwa sababu hawakukusudia kubaki nalo. Basi waendesha mashtaka wakabuni njia, wakawashtaki kwa kuiba petroli iliyoungua, maana petroli hairudi. Ndipo mwaka 1930 walipotunga kosa maalumu la kuchukua gari na kuliendesha bila idhini ya mwenyewe. Habari hii niliisoma nikiwa mtu mzima, na ilinichoma kwa sababu ambayo msomaji ataiona sasa hivi.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 37, mkuu wa chuo kidogo cha ualimu kusini mwa nchi, ambacho sitakitaja jina. Chuo kilikuwa na gari moja tu, Land Rover. Wakati ule petroli ilikuwa kama dawa ya hospitali, tulipewa kwa kibali na kwa kipimo, na Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea bila ruhusa maalumu. Mwezi Machi mwaka ule, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Walioishi wakati ule wanakumbuka. Watu walimwaga mali zao mtoni usiku ili zisikutwe nyumbani. Kila mwenye ofisi alikuwa akifungua madaftari yake kwa mikono inayotetemeka, hata asiye na hatia, na mimi sikuwa asiye na hatia.

Ijumaa moja nilikuwa nimemtuma dereva kijijini kwa wakwe zangu kuniletea magunia manne ya mahindi. Katika daftari la safari tuliandika "ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha", na safari yenyewe tukaipunguza ili tangi lionekane limejaa. Haikuwa mara ya kwanza. Gari lile lilibeba mkaa wangu, lilimpeleka mke wangu kliniki, lilikwenda kwenye misiba ya upande wangu na ya upande wake. Sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote, maana mtoa ruhusa nilikuwa mimi. Wala sikujiona mwizi. Nilijiona mkuu wa chuo.

Usiku wa kuamkia Jumapili mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alichukua ufunguo msumarini katika chumba cha dereva, akaliondoa gari. Alikwenda kumwona msichana aliyekuwa akisomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni. Napenda kuwa wazi hapa, kwa sababu hadithi za namna hii mara nyingi hupambwa: hakukuwa na mgonjwa, wala mama mjamzito, wala dharura yoyote. Alipoulizwa alisema, "Nilitaka nifike na gari." Basi.

Mlinzi aliponigongea alfajiri nilishikwa na hofu, na si ya gari. Niliwaza, sasa watakuja watu, watataka daftari, watahesabu lita. Niliketi nikaandika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya: gari la chuo limeibiwa usiku wa kuamkia leo, likiwa na lita 40 za petroli. Nikampa tarishi aende kwa baiskeli. Kabla tarishi hajarudi, saa tatu asubuhi, Land Rover iliingia getini mbele ya chuo kizima, madigadi ya kushoto imebonyea, na kijana akashuka na kusimama pembeni yake akiningoja.

Polisi waliofika waliliona gari. Mkubwa wao, mtu wa makamo, alinivuta kando kwa adabu akaniuliza, "Mkuu, gari lipo. Sasa tuandike nini?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Kama ningesema "andikeni kwamba amelitumia bila ruhusa", swali lililofuata lingekuwa amelitumia kiasi gani, na tangi lilikuwa na nini. Nikamwambia, "Andikeni kama barua inavyosema."

Wizi wa mali ya umma ulikuwa miongoni mwa makosa ambayo hakimu alifungwa mikono na sheria ya mwaka 1972 ya adhabu za kima cha chini. Sijui kama nililijua hilo asubuhi ile. Nadhani nililijua. Kijana alitoka mkoa wa mbali, hakupata mdhamini, akakaa mahabusu miezi minne. Mimi nilimfukuza chuo wiki ya kwanza, kwa barua fupi.

Mahakamani niliapa na kusoma daftari: lita 40. Hakimu akamgeukia mshtakiwa, akamwuliza kama ana swali kwa shahidi. Kijana alinitazama, si kwa hasira, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu amalizie sentensi ubaoni. Akasema, "Sina swali."

Hakimu yule alikuwa mtu wa haki kuliko mimi. Alisema mtu aliyelirudisha gari mwenyewe, mchana, kwa mwenye nalo, hawezi kusemwa alikusudia kuliiba, na petroli iliungua ndani ya safari ileile, haiwezi kufanywa kosa la peke yake. Akamtia hatiani kwa lile kosa dogo, akaona miezi minne ya mahabusu inatosha, akaamuru alipe madigadi na lita 40. Baba yake alikuja kulipa. Aliuza mbuzi. Katika lita hizo, zaidi ya nusu nilikuwa nimezichoma mimi kwa magunia yangu manne.

Mwaka 2004, nikikaribia kustaafu, mtu mmoja mwenye mvi chache alikuja ofisini akiomba barua ya kuthibitisha kwamba aliwahi kusoma chuo kile. Alihitaji kwa ajili ya kazi. Nilimtambua kabla hajasema jina. Niliandika barua, na nilipofika mahali pa kueleza sababu ya kuondoka nikaandika "hakumaliza", nikaigonga muhuri. Alipoipokea alisimama kidogo mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, siku ile tangi lilikuwa na robo tu. Niliangalia geji kabla sijaondoka."

Nilimwomba anisamehe, nikamwambia niko tayari kurudisha fedha ya baba yake. Akasema, "Mzee alishafariki." Akashukuru kwa barua, akaondoka. Sijamwona tena.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tofauti kati ya mwizi na mtu aliyechukua bila ruhusa, siwezi kumjibu kama mwanasheria. Wanasheria wanatazama nia, na ni sawa watazame nia. Mimi nimeona kwamba kabla ya nia kuna swali jingine ambalo mahakama haliulizi mara nyingi: ruhusa yenyewe inatoka wapi? Yule kijana na mimi tulilitumia gari la watu kwa mambo yetu binafsi. Yeye mara moja, mimi kila mwezi. Yeye alilirudisha na kusimama kando yake. Mimi nililirudisha na kuandika uongo daftarini. Tofauti pekee iliyoonekana ni kwamba ufunguo wake ulikuwa msumarini na wangu mfukoni. Kama Mrumi yule aliyepitiliza Aricia alikuwa mwizi, basi wakubwa wengi wenye magari ya ofisi yanayoegeshwa sokoni siku za Jumamosi wangekuwa na taabu kubwa, na mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Lakini sitaki msomaji afikiri kwamba namaanisha kijana hakukosa. Alikosa. Wapo wanaosema kwamba kitu kikirudi hakuna lililoharibika, nami sikubaliani nao hata kidogo. Anayechukua chombo cha mtu usiku anamwibia angalau usingizi. Mjomba wa bodaboda alikesha akijua kwamba pikipiki ikipotea deni linabaki, na mkataba wa miezi mingi unageuka bure. Tena siku hizi madereva wa bodaboda huuawa kwa ajili ya pikipiki zao, hukodiwa usiku na kupelekwa porini. Mwenzao anapopiga simu kwamba chombo hakionekani, hawawezi kukaa wakichambua nia. Nawaelewa. Ni hofu yao inayokimbia barabarani.

Ila hofu hiyo inapopata neno moja tu la kutamka, neno hilo linaua. Katika sheria wizi na utumiaji bila haki vimetenganishwa kwa miaka sita na nusu. Barabarani havikutenganishwa na chochote. "Mwizi!" likishapigwa, hakuna anayeuliza kama kitu kilikuwa kinarudishwa, na kesho yake gazeti litaandika kwamba wananchi wenye hasira kali wamejichukulia sheria mkononi, kana kwamba sheria ni kitu kilichokuwa kimewekwa mezani. Nao, kumbe, hawakuomba ruhusa kwa mtu. Yule mwenye chupa ya petroli alikuwa dereva mwenzake mjomba, mtu mpole ambaye amewahi kunipeleka hospitali na kukataa nauli. Nimemwona mara kadhaa tangu siku ile. Hatujazungumza habari hiyo, ingawa nadhani anajua kwamba ninajua.

Haya yote yalipita kichwani mwangu nikiwa na kalamu mkononi, na wale watatu wakinitazama. Mama hakuwa amesema neno tangu waketi. Nikamwuliza kijana, "Ulimwambia mjomba wako?"

"Sikumwambia, babu."

"Kwa nini?"

"Angekataa."

Jibu hilo lilimwongezea kosa, na nikaliandika lilivyo. Niliandika kwamba tarehe fulani, jioni, mpwa wangu alichukua pikipiki ninayoiendesha bila kuniomba, akijua kwamba ningekataa. Aliirudisha kesho yake alasiri. Tairi la nyuma limechanika, hesabu ya siku moja sikuipata, na yeye alipigwa njiani na watu niliowaita mimi. Nikamsomea mjomba kwa sauti.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua karatasi akaisoma tena mwenyewe, midomo ikicheza. "Mwalimu, mbona neno lenyewe halimo?"

"Kama limo ndani ya mambo uliyoyaeleza, polisi watalikuta. Hiyo ndiyo kazi yao."

"Na hapa pa watu niliowaita?"

"Uliwaita?"

Alinyamaza. Dada yake aliangalia chini. Mwishowe aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akamwambia kijana aisukume pikipiki, maana kwa tairi lile haikupandika. Wakaondoka kwa miguu wote watatu, kijana mbele, pikipiki ikiyumba.

Karatasi haikufika kituoni. Kijana amekuwa akiosha pikipiki za kijiweni na kumpelekea mjomba wake fedha kidogo kidogo. Juzi nilipopakiwa kwenda sokoni nilimwuliza mjomba kama ile karatasi bado anayo. Akapiga mfuko wa shati bila kugeuka. "Ninayo, Mwalimu. Bado elfu kumi na mbili."